Kinywa cha Mashine na Haki ya Jirani

Swali la mpaka ni swali la kale, na kila kizazi hurithi wajibu wa kulijibu upya kwa mambo ya zama zake: je, sharti linalowekwa juu ya kazi ya mtu, likimwambia afike hapa asipite, ni adui wa uhuru wake, au ni rafiki asiyependeza machoni? Wanachuoni wa dini wameliuliza kwa habari ya halali na haramu, wanafalsafa wameliuliza kwa habari ya sheria na matakwa, na mafundi, ambao aghalabu hawaombwi rai katika mambo makubwa, wamelijibu kwa mikono kabla halijaulizwa kwa ndimi. Nakusudia kulitazama swali hili kwa jicho la fundi, tena fundi wa sanaa changa kabisa, yaani kijana aundaye roboti ya mashindano. Na nakusudia kulitazama nikiwa Kolwezi, katika nchi ya shaba ya Lualaba, ambako habari ya mpaka haizungumzwi kwa wepesi, kwa kuwa wako watu wengi hapa walioujua mpaka kwa sura ya ukuta wenye waya wa miiba na mlinzi mlangoni.

Msomaji asistaajabu kwamba jambo zito limepewa mfano wa mchezo. Kwanza, roboti si mgeni katika nchi yetu: mwaka 2013 njia panda za Kinshasa zilipata roboti za kuongoza magari, zilizobuniwa na mhandisi Mkongo, Bibi Thérèse Izay Kirongozi, na kazi ya mashine hizo ilikuwa hasa kuinua mkono na kumwonyesha dereva mahali pa kusimama. Pili, mashindano yenyewe yamekwisha kufika kwa vijana wa Afrika, maana Julai 2017, mjini Washington, zilikutana timu za nchi zaidi ya 150 katika mchezo wa kukusanya mipira ya rangi mbili, ya buluu ikiwa mfano wa maji safi, na ya machungwa ikiwa mfano wa uchafu unaoyaharibu. Tatu, na hili ndilo linalotugusa zaidi, hakuna roboti itembeayo pasipo shaba. Mota zake ni nyaya za shaba zilizosokotwa zikafungwa. Na ingawa kanuni za mashindano nitakayoyataja huamuru betri ya risasi na tindikali, tarakilishi inayoiongoza roboti hubeba betri ya lithiamu ambayo mara nyingi ina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa katika ardhi ya Kongo, sehemu kubwa ikiwa ni katika mkoa huu wetu. Anayezungumza habari ya mashine hizi akiwa Kolwezi anazungumza habari za nyumbani kwake, hata kama uwanja wa mchezo uko ng'ambo ya bahari.

Katika mashindano ya wanafunzi wa sekondari yaliyoanza Marekani mwaka 1992 chini ya shirika la FIRST, ambalo mvumbuzi Dean Kamen aliliasisi mwaka 1989, kila mwanzo wa mwaka hutangazwa mchezo mpya pamoja na kitabu cha kanuni zake, na kila timu, iwe tajiri au maskini, hukifungua kitabu hicho siku moja na wenzake. Mwaka 2022 mchezo ulikuwa wa mipira mikubwa yenye kipenyo cha inchi 9 na nusu, yaani sentimita 24 hivi, ambayo roboti tatu zilizoungana ziliiokota sakafuni na kuirusha katika shabaha iliyo juu, ilhali roboti nyingine tatu zikishindana nazo, kwa muda wa dakika mbili na nusu. Kanuni zilisema kwamba mzunguko wa kiunzi cha roboti usizidi inchi 120, yaani sentimita 305 takriban. Kwamba wakati wa kucheza isinyooshe kiungo chochote nje ya kiunzi kupita inchi 16, ambazo ni sentimita 41 takriban. Tena isishike zaidi ya mipira miwili kwa mara moja. Kisha ikaja kanuni ya bampa: kila pembe ya nje ya kiunzi ivikwe, angalau inchi 6 kila upande wa pembe, ubao wa plaiwudi uliofungiwa mirija miwili ya povu, ya aina ile wanayoishika watoto wajifunzao kuogelea, ukafunikwa kwa kitambaa kigumu chenye nambari ya timu, na bampa yote ikae chini ya kimo cha inchi 7 na nusu kutoka sakafuni, yaani sentimita 19, ili bampa ya huyu ikutane na bampa ya yule.

Hapo ndipo dhiki ya fundi inapoanzia. Mpira u sakafuni, na kiini chake ki sentimita 12 juu ya ardhi, ndani hasa ya kimo ambacho bampa imekwisha kukimiliki. Kwa hiyo roboti ikiuendea mpira bila ya hila yoyote, bampa huusukuma mbele, na kadiri mashine inavyoufuata kwa bidii ndivyo mpira unavyozidi kuikimbia. Kitu kilichowekwa kwa ajili ya salama ndicho kinachomzuia mwenye haja asiifikie haja yake. Kijana aliyeketi mezani na penseli yake, akitafuta namna ya kuipa mashine kinywa, ana njia mbili, na kila moja ina gharama yake.

Njia ya kwanza ni kuikatiza bampa upande wa mbele na kuacha mlango, jambo ambalo kanuni za mwaka ule ziliruhusu mradi pembe zisiachwe uchi. Tuchukue kiunzi cha inchi 27 kwa 33, ambacho jumla ya pande zake nne ni 120 kamili. Upande wa mbele una inchi 27. Ukiondoa 6 za kila pembe zinabaki 15, sawa na sentimita 38. Mpira wa sentimita 24 utapita, tena utapita chini kwa chini pasipo kuinuliwa, ukivutwa na mhimili mmoja wenye magurudumu laini. Lakini utapita mmoja tu kwa wakati, na dereva aliye mbali na uwanja atalazimika kuielekeza roboti kwa usahihi mkubwa. Nafasi ya tumboni ambayo ingewekwa betri na mota imekuwa njia ya mpira. Na boriti ya mbele ya kiunzi imekatwa, hata mashine ikadhoofika pale pale inapogongwa zaidi. Urahisi umenunuliwa kwa udhaifu.

Njia ya pili ni kuiacha bampa izunguke mbele nzima na kuupitisha mpira juu yake. Hapo fundi hufunga mikono miwili yenye bawaba, ambayo mchezo ukianza hukunjuka na kushuka mbele ya bampa, na baina ya mikono hiyo huweka mhimili wa magurudumu laini unaozunguka kwa kasi. Mhimili huushika mpira kwa juu, ukaubana dhidi ya kitambaa cha bampa, na mpira uliobanwa pande mbili, ukiwa hauna pa kukimbilia, huviringika, ukaupanda ukuta wa povu, ukaangukia ndani. Kubana huko kuna kadiri yake: kukiwa haba, magurudumu huteleza juu ya mpira na kuusugua bure, kukizidi, mota hulemewa na kusimama, na mafundi hutumia saa nyingi wakisogeza mhimili huo kidogo kidogo, tundu la skrubu baada ya tundu, hata mpira ukubali kuingia kila mara. Lakini wakifaulu, upana wa kinywa huwa karibu sawa na upana wa roboti nzima, na kiunzi hakikukatwa mahali popote. Tena limetendeka jambo la kuzingatiwa sana: bampa iliyokuwa kizuizi imekuwa mkono wa pili wa fundi. Lau isingalikuwapo, mhimili usingalikuwa na kitu cha kuubania mpira, na angalilazimika kuunda kwa gharama zake kitu kile kile ambacho kanuni ilikwisha kumlazimisha akibebe.

Mikono hiyo ikishuka huwa imetoka nje ya hifadhi, katika zile inchi 16 zilizoruhusiwa, na hakuna bampa inayoikinga huko. Anayeiunda kwa alumini nene, akidhani kwamba ugumu ndio nguvu, huiona ikipinda katika pambano la kwanza na isirejee. Mwenye busara huikata katika bamba la polikaboneti, plastiki ambayo hukubali kupinda na kunyooka tena, au huipa chemchemi ili ikigongwa irudi ndani ya kiunzi na baadaye itoke upya. Mafundi wamejifunza kwa kuvunjikiwa kwamba kiungo kinachovuka hifadhi ili kutafuta mapato sharti kiwe tayari kurudi nyuma, na mimi sijaona katika vitabu vya maadili fundisho lililo wazi zaidi kuliko hilo juu ya mtu anayetoka nje ya haki yake iliyothibiti na kuingia mahali anapokutana na haki za wengine.

Hadi hapa mtu ataweza kusema kwamba jawabu limekwisha kupatikana, nalo ni hili: mpaka huzaa ustadi. Wasomaji wa Kiswahili hawana haja ya kuletewa ushahidi wa mbali, maana wanajua jinsi mshairi aliyefungwa na mizani 8 kila kipande, na vina vya kati na vya mwisho, anavyolazimika kulitafuta neno ambalo asingelitafuta lau angekuwa huru, na jinsi tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilivyopata ukali wake ndani ya ufinyu huo. Jawabu hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya kweli, tena nusu iliyo hatari ikiachwa peke yake. Kila mwenye nguvu aliyepata kumbana mnyonge anaweza kulikariri. Anaweza kumwambia aliyenyang'anywa shamba kwamba ufinyu utamfunza werevu, na kumwambia aliyefungiwa mto kwamba kiu itamfunza kuchimba kisima. Dhiki huzaa hila, sikatai. Lakini kuzaa kwake hila hakuihalalishi dhiki, kama vile ugonjwa hauhalalishwi na utabibu uliotokana nao. Twahitaji kipimo cha kupambanua mpaka unaostahili kutiiwa na mpaka ambao ni dhuluma iliyovaa joho la sheria.

Kipimo hicho, kwa rai yangu, kimo ndani ya bampa yenyewe, ukiuliza bampa ni ya nani. Kwa gharama ni yangu: mimi nimenunua ubao, mimi nimeshona kitambaa, na mashine yangu ndiyo inayobeba uzito wake kila iendako. Kwa faida si yangu peke yangu. Roboti mbili zikigongana, nguvu ya pambano hunywewa na povu la pande zote mbili, na mmoja akiacha kuvaa lake, mwenzake amepungukiwa sehemu ya salama yake pasipo kosa lolote alilotenda. Ndiyo sababu kimo kimewekwa kimoja kwa wote, kwa kuwa bampa iliyofungwa juu mno ingeipita bampa ya mwingine na kuingia katika nyaya na mota zake. Anayeibeba mahali pasipo pake ni kama hakuibeba. Na waandishi wa kanuni wameongeza hekima nyingine, kwamba katika michuano ya mwanzo washirika hupangwa kwa bahati na kubadilishwa kila mara, hata aliyekuwa hasimu wa asubuhi huwa mshirika wa alasiri. Hivyo anayemvunjia mwenzake mhimili leo asubuhi huenda akahitaji mhimili huo huo baada ya chakula cha mchana. Basi bampa ni haki ya jirani niliyoivaa mimi. Mpaka wa haki una sifa hii: ukiuchunguza, huona ndani yake uso wa mtu mwingine unaolindwa, na yule aliyeuweka huubeba sawa na yule aliyewekewa.

Sheria za kale za dini zililijua jambo hili kabla ya mashine yoyote kuundwa. Katika Kumbukumbu la Torati limo agizo kwamba mtu ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukingo, asije mtu akaanguka kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo; na katika kitabu cha Kutoka limo agizo kwamba anayefukua shimo na asilifunike, akitumbukia ng'ombe au punda wa mtu, mwenye shimo atalipa. Mafakihi wa Kiislamu nao walikipa kisima harimu yake, yaani eneo la kandokando ambalo mwingine haruhusiwi kuchimba, ili kisima kipya kisikaushe maji ya kile cha kwanza. Na wakaweka msingi unaotawala milango mingi ya fikihi, kwamba mtu asidhuru wala asilipize dhara kwa dhara. Tazama kwamba hakuna hata moja katika sheria hizi iliyomkataza mtu kujenga, wala kufukua, wala kuteka maji. Zote zimemwachia kazi yake na matunda yake, kisha zikamdai ukingo, kifuniko, na nafasi ya jirani. Wenye kudhani kwamba dini ni mkusanyo wa makatazo tu hawajaziangalia sheria hizi kwa makini, maana kwa sehemu kubwa zinamfunza mtu namna ya kufanya kazi pasipo kuwa msiba kwa wengine.

Sasa na tuyarudishe maneno haya Kolwezi. Sheria ya madini ya nchi yetu ya mwaka 2002, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018, inawatambua wachimbaji wa mikono, ambao hapa huitwa creuseurs, na kanuni zake hazimruhusu mchimbaji huyo kushuka kupita mita 30. Ukimwuliza mtu aliyekaa ukingoni mwa shimo, akikunja kamba iliyompandisha mwenzake, kwa nini shimo lake limefika chini zaidi ya hapo, atakujibu kwamba mshipa wa madini haukusimama mita 30. Jibu lake ni kweli tupu. Mawe hayakusoma sheria. Lakini kama vile mpira uliolala chini ya kimo cha bampa hauhalalishi kuivua bampa, vivyo hivyo mshipa uliopita kina hauhalalishi kumwacha mtu wa shimo la pili afunikwe na udongo. Katika mtaa wa Kasulo, ambako tangu mwaka 2014 watu walifukua kobalti chini ya nyua na hata chini ya sakafu za nyumba zao, mashimo yaliyoanza mbalimbali juu yalikutana chini, na tundu alilotoboa mtu kwa kufuata mshipa wake lilikuwa tundu chini ya kitanda cha jirani yake. Wahenga walisema kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Huko Kasulo tumejifunza kwamba aghalabu huingia mtu mwingine, ambaye hakushika sururu. Kina cha mita 30, ukikitazama hivyo, ni bampa: uso wa jirani umo ndani yake.

Haki inanilazimu niseme na upande wa pili, kwa uzito ule ule. Tarehe 27 Juni 2019, katika eneo la mgodi wa KOV hapa Kolwezi, kingo ziliporomoka na wachimbaji wa mikono zaidi ya 40 wakafa. Walikuwa ndani ya eneo la wengine, wala hawakuwa na idhini. Hayo yalisemwa upesi na yalikuwa kweli. Lakini kanuni ya mashindano iliyomkataza fundi kupita inchi 16 ilimpa kwanza inchi 16, na iliyomwamuru kuvaa bampa ilimwachia kiunzi kizima cha kufanyia hila zake. Sheria yetu nayo iliahidi jambo kama hilo, maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya uchimbaji wa mikono. Lakini maeneo hayo yamekuwa machache kuliko wenye kuyahitaji, na mengine yametengwa mahali ambapo madini hayafikiki kwa sururu na kamba. Mpaka usioacha nafasi yoyote ndani yake humwachia mtu kuchagua baina ya kuuvunja na kufa njaa, na mtu mwenye watoto hujulikana atachagua lipi. Hali kadhalika mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilipozungushiwa ukuta na wakaaji wakahamishwa, ukuta huo ulipaswa kuulizwa swali lile lile tulilouuliza ubao wenye povu: unamlinda nani, na aliyeujenga anabeba nini? Ikiwa unazuia watoto wasiingie mashimoni, na mashimo yenyewe yakakaguliwa na kuimarishwa, ni ukingo wa dari. Ikiwa kazi yake ni kuhakikisha kwamba mwenye mfuko wa mawe ana mnunuzi mmoja tu na bei moja tu, basi ni kitu kingine, hata kama umejengwa kwa matofali mazuri.

Kuna watu wema ambao, wakiona uharibifu ulioletwa na uchimbaji, huishia kuilaumu tamaa yenyewe, wakasema kwamba heri ingekuwa nchi hii isingekuwa na shaba wala kobalti, na kwamba moyo wa mwanadamu ungetulia lau ungeacha kutaka. Siwafuati. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifundisha kwamba matamanio ya nafsi hayakuumbwa bure, na kwamba makusudio ya kuirudi nafsi ni kuyatia matamanio hayo adabu, wala si kuyang'oa mizizi, maana mtu asiyetamani chakula huangamia. Roboti isiyo na kinywa hugongwa kama wengine na haipati kitu; hakuna fundi aliyejenga mashine ya namna hiyo akaiita njema. Wazee wa nchi hii waliofua shaba, wakaimimina katika kalibu kwa umbo la misalaba iliyosafiri mbali sana kama fedha na mahari, hawakuwa wakosefu kwa kuitaka shaba. Waliijua, wakaitumia, na nchi ikabaki. Kutaka ni sehemu ya uumbaji. Dhima yetu ni kuuliza kinywa kiwekwe wapi, kiwe na upana gani, kitoke nje kwa kadiri gani, na kirudi nyuma kwa wepesi gani kikikutana na mwili wa mwingine.

Hapa huinuka pingamizi ambalo halifai kupitwa kwa haraka. Mchezo, mtu atasema, huingiwa kwa hiari, na asiyependa kanuni zake hubaki nyumbani. Maisha hayaingiwi kwa hiari, na mtoto aliyezaliwa katika mitaa yetu ya Kapata au Musonoi hakuulizwa kama anakubali kanuni za nchi ya shaba. Hilo ni kweli, nami nasema kwamba kwa sababu hiyo hiyo kanuni za maisha zinapasa kuwa na insafu kubwa kuliko kanuni za mchezo. Ikiwa wasimamizi wa mashindano ya vijana huona haya kuipa timu moja kitabu cha kanuni mapema kuliko nyingine, sisi tunawezaje kuridhika kwamba ramani za maeneo ya madini zijulikane na wachache, na wengi waujue mpaka siku wanayofukuzwa? Ikiwa huko kimo cha bampa ni kimoja kwa timu yenye karakana ya fahari na kwa timu yenye meza moja ya seremala, sisi tunawezaje kumhimiza mchimbaji wa mikono juu ya mita zake 30, tukanyamaza juu ya vumbi linalotoka katika barabara za malori makubwa na juu ya maji yanayotiririka kutoka viwandani hadi mitoni? Najua kwamba mgodi wa mashine hushuka chini zaidi kwa haki, kwa kuwa una wahandisi wa kukadiria mwinamo wa kingo na pampu za kuondoa maji. Lakini hoja hiyo huthibitisha kwamba elimu na pampu ndizo zinazomwongezea mtu kina, na anayemnyima mwingine elimu na pampu hana ruhusa ya kumcheka kwa kufa mita 40 chini ya ardhi.

Na upande wa Mungu je? Wengi wamejiuliza kwa nini Mwenye ukarimu usio na kiasi ameweka makatazo katika ulimwengu aliouumba kwa wema, na baadhi yao wameona katika makatazo hayo majaribu tu, kana kwamba mja anapimwa utii kwa amri zisizo na maana. Mimi naona kwamba Mola angeweza kumuumba mtu mmoja pekee katika ardhi isiyo na mwisho, na mtu huyo asingehitaji ukingo wa dari, wala kifuniko cha shimo, wala harimu ya kisima. Alipotuumba wengi, akatuweka katika uwanja mmoja, mpaka ulikuja pamoja na jirani, kwa zawadi ile ile. Anayetaka uhuru usio na mpaka anataka, ajue au asijue, dunia isiyo na watu wengine. Na anayeweka mpaka bila ya kumtazama anayeishi chini yake anataka dunia yenye watu lakini isiyo na haki. Baina ya makosa hayo mawili ndipo ulipo utumishi wa sheria, ya mbinguni na ya duniani.

Nayasema haya kwa ajili ya vijana wanaosoma sasa uhandisi na sheria katika Chuo Kikuu cha Kolwezi na vyuo vingine vya mkoa, ambao baadhi yao wataandika kanuni za migodi na wengine wataunda mashine zitakazotii kanuni hizo. Nawasihi waziandike kwa mfano wa ile kanuni ya ubao na povu: ijulikane na wote siku moja, iwe na kimo kimoja kwa mkubwa na mdogo, impe kila mtu eneo halisi la kunyooshea mkono kabla ya kumwambia mkono usipite, na imgharimu aliyeiandika kama inavyomgharimu anayeitii. Kanuni ya namna hiyo nitaitii, na nitamlaumu anayeivunja hata akiwa maskini, kwa kuwa anaivunja juu ya mwili wa maskini mwenzake. Kanuni isiyo ya namna hiyo sitashauri ivunjwe gizani, maana gizani wanakufa watu; nitashauri idaiwe upya mchana kweupe, barazani na mahakamani, kanisani na msikitini, na idaiwe kwanza kwa mwenye mashine kubwa, ambaye akigonga hugonga kwa uzito kuliko wote.